Nilimficha Mama Jikoni Ili Mgeni Asimwone Akila kwa Mkono

Niseme mapema: kosa ni langu peke yangu. Hakuna shetani aliyenituma wala jirani aliyenishauri. Watu huniona kwenye maharusi nacheka na wenzangu, wakadhani sina neno. Moyoni naungua! Mama yangu mzazi, ambaye naishi naye nyumba moja hapa Mji wa Kale, hataki tena kula na mimi. Na mimi ndiye niliyemwondoa mezani.

Kisa chenyewe ni uma na kisu. Ndiyo, chekeni.

Ujanani nilifanya kazi ya kupika na kuandaa meza kwa mume na mke wa Kiingereza waliokuwa wakikaa Mbaraki. Yule bibi alinifunza mpaka nikafunzika. Uma hukaa mkono wa kushoto, meno yakitazama chini. Kisu hukaa mkono wa kulia, na hakitoki mkononi ovyo. Hata chipsi walikula kwa uma! Vyote viwili vikilazwa pamoja juu ya sahani, mtu ameshiba: ondoa sahani, usimuulize. Na chai ni ya moto, ya maziwa. Nilitoka pale nikijiona profesa wa Wazungu.

Binti yangu akaja akaolewa na Mmarekani, kijana mzuri aliyesilimu, wakaenda kuishi huko kwao. Mwaka huu mama wa huyo kijana akasafiri peke yake kuja kututazama. Kabla hajafika, binti yangu akanipigia simu.

"Mama, usijisumbue sana. Wamarekani si kama wale Waingereza wako. Mpikie tu, kisha umuache ale apendavyo."

"We umezaliwa juzi," nikamwambia. "Mzungu ni Mzungu!"

Laiti ningefunga mdomo wangu nikamsikiliza!

Aliyepika ni Mama. Magoti yanamuuma, lakini alikataa katakata mkwe wa mjukuu wake alishwe biriani ya kununua Makadara. Alikaanga vitunguu mwenyewe, akaunga masala mwenyewe, nyumba nzima ikanukia. Mimi nilikuwa juu napanga sahani na kukunja vitambaa. Mgeni alipokaribia kufika, nikashuka jikoni nikamwambia maneno ambayo natamani yangenikwama kooni.

"Mama, wewe kula huku huku. Wenzetu hawajazoea kumuona mtu akila kwa mkono."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wake. "Haya, mwanangu," akasema, akatandika mkeka.

Mgeni akaja, mama mnene mcheshi, anatoka jasho. Nikamtilia chai ya maziwa. Akaniomba barafu aitie ndani! Nikashtuka, lakini nikampa. Tukaketi kula. Akashika kisu na uma vizuri, akamkata kuku wake vipande, halafu akakiweka kisu chini na uma akauhamishia mkono wa kulia! Alipotaka kukata tena, akaurudisha kushoto. Nikajiambia, masikini, huyu hakufunzwa kwao. Nilimuonea haya, jamani, na kumbe wa kuonewa haya ni mimi.

Akavilaza vyote viwili ili anywe maji na kunisimulia habari za wajukuu. Mimi nikaona dalili niliyofunzwa. Nikainuka, nikaondoa sahani.

Alifungua mdomo, akaufunga, akasema asante. Biriani ilikuwa haijafika hata nusu! Na mimi, mtu wa Mombasa niliyelelewa kumwambia mgeni "ongeza, ongeza" mpaka achoke, sikumwambia hata mara moja. Nilijua Waingereza hawapendi kushurutishwa.

Akauliza msala uko wapi akajisaidie, nikamuonyesha. Akakawia. Nikashuka kumtafuta.

Nikamkuta jikoni. Ameketi kitako juu ya mkeka, kiatu hiki huku na kile kule, mbele ya sinia moja na Mama. Anakula kwa mkono! Hawaelewani lugha, lakini Mama alikuwa akimchambulia nyama laini na kuisukuma upande wake, naye anachota, anacheka, ameshika paja la kuku kama mtu aliye kwao. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu Baba afe.

Ningeketi pale nikala nao, leo nisingekuwa naandika haya. Badala yake nikapiga kelele.

"Mama! Wanifedhehesha! Si nilikwambia huyu ni mgeni wa mezani?"

"Muwate ale, mwanangu," Mama akajibu kwa upole. "Huyu yuwaona njaa."

Sikumuacha. Nikamshika mgeni mkono nikamuinua, na kwa Kiingereza nikamuomba radhi, nikimuonyesha mamangu kwa kidole: mzee huyu hajui adabu za meza. Mgeni uso ukamuiva. Akamuinamia Mama, akambusu ule mkono wenye mchuzi. Haukupita muda akaaga, akaondoka.

Binti yangu akapiga simu akilia. "Mama, kwao kuku huliwa kwa mkono! Umempokonya sahani, kisha ukamfukuza kwenye sinia ya bibi. Anasema aliyemkaribisha ni bibi peke yake."

Nilimuomba Mama msamaha. Akasema amenisamehe, na najua hasemi uongo. Lakini tangu siku ile nikimuita mezani hujibu, "Kuleni nyinyi, mimi nna pangu." Huchukua sahani yake akashuka jikoni.

Juzi nikaona liwalo na liwe. Nikamfuata na sahani yangu, nikanawa, nikaketi kwenye mkeka wake. Mama akaacha kula. Akajishika ukutani, akainuka na magoti yake yale, nikadhani anaondoka. Akafungua mtoto wa meza, akatoa uma na kisu, akavipangusa kwa leso yake, akaniwekea mbele yangu. Uma kushoto, kisu kulia, sawasawa na nilivyokuwa nikimuonyesha tangu nilipotoka kwa wale Waingereza.

"Karibu, mgeni," akasema, akaendelea kula.

Hakusema kwa hasira! Afadhali angenitukana. Nilikaa pale machozi yananitiririka, sahani yangu inapoa, sithubutu kuugusa uma wala kutia mkono.

Ndugu yangu unayesoma, kama unaye mama na mna mgeni kesho, mgeni wa popote pale, usimfiche mamako. Muweke mezani kwanza, ale anavyojua, kisha mgeni atafute nafasi yake. Mimi kila siku nashuka jikoni. Na kila siku nakuta uma na kisu vishapangwa, upande wangu wa mkeka.