Mkebe Chini ya Cherehani

Mimi fundi cherehani wa Kariakoo nakiri: aibu hii niliitafuta mwenyewe. Mwalimu mmoja Mzungu, akienda likizo kwao kwa meli, aliniachia mkebe wa mchanga wenye mayai ya kinyonga, niunyunyizie maji hadi yaanguliwe. Wateja wangu wanaogopa kinyonga kuliko simba, basi nikawaambia mkebe huo ni dawa ya biashara. Kila asubuhi nikinyunyiza, nanong'ona kama mganga. Miezi ikapita, wateja wakaongezeka, hata mimi nikaanza kuiamini.

Mama Aika, Mchaga mwenye duka la jirani, akaniomba nimwazime mkebe kwa siku moja tu. Nilishindwa kusema kweli, nikampa.

Adhuhuri nikasikia mayowe. Wateja wake wakamwagika barabarani, naye akasimama mlangoni, mtaa mzima ukimsikia:

“Fundi! Dawa yako imeota miguu!”