Mume Aliyemfuata Mkewe

Tarehe 9 Aprili 1997, siku ya Jumatano, kabla ya saa sita mchana, mume wangu alifariki katika wodi ya wanaume pale Kilosa. Nilikuwa nimetoka kwenda kuchota maji ya kumnawisha. Niliporudi muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika shuka. Alikuwa Mchina. Ninalisema hilo mapema kwa sababu kila aliyekuja kunipa pole alianza na hilo, hata wale waliomjua kwa miaka.

Nilimpoteza mtu ambaye tulikuwa tumehangaika pamoja apate ruhusa ya kukaa nchini. Alikufa ruhusa haijatoka. Kwa maandishi alikuwa mpita njia, na mimi nilikuwa mjane wa mpita njia.

Alikuja na kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara kuu. Kampuni ilipomaliza kipande chake, wenzake walifunga mizigo, yeye akabaki. Alikuwa fundi wa pampu za dizeli. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mtu yeyote aliyeweza kununua lori bovu alilinunua na kuliingiza barabarani, kwa hiyo Mikumi hapakukosekana lori lililolala kando ya njia likitoa moshi mweusi. Alipanga banda nyuma ya nyumba moja ya wageni, na madereva wakamjua.

Mimi nilikuwa nauza wali na maharage jirani na hapo. Nilisoma hadi darasa la saba, nikaolewa nikaachika, nikaanza kupika. Yeye alikuja na vijiti vyake vya mianzi alivyovichonga mwenyewe, akaomba maji ya moto ya kunywa, si chai, maji matupu. Dereva mmoja akamwambia, "Mchina, kwetu maji ya moto ni ya mgonjwa."

Akajibu, "Ndiyo maana mimi si mgonjwa."

Nilicheka, akaniona nikicheka. Sina hadithi nyingine ya jinsi tulivyoanza.

Sisi ni Wasagara. Kwetu ukoo hufuata mama, na zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mke, akawalimia wakwe mpaka waridhike naye. Siku hizi wengi wameacha, lakini mjomba wangu, kaka yake mama, hakuacha kitu chochote. Nilimpeleka mchumba wangu kwake, kijijini, mwendo kidogo kutoka Kilosa mjini. Nilimfundisha njia nzima kusema shikamoo. Alipofika akamwamkia mjomba, akamwamkia shangazi, kisha akamwamkia na mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi, na mtoto akakimbia.

Mjomba alimwuliza nani wa kwao atakuja kumsemea. Akasema hakuna. Mjomba akafikiri, akasema, "Basi utajisemea mwenyewe, na jembe litakuongezea."

Masika ile mume wangu alilima. Alifunga banda lake, akaja kijijini, akapanda mahindi kwa kamba ili mistari inyooke. Wajomba wadogo walimcheka, wakasema mahindi hayaendi gwaride. Kandokando ya shamba akapanda mboga ya kwao, ile ambayo sasa kila sokoni inaitwa chainizi. Mwisho wa msimu mjomba alisema amekuwa mkwe.

Tukafunga ndoa bomani. Karani alimwuliza tarehe ya kuzaliwa, naye akataja ile aliyoambiwa na mama yake. Kwao wazee huhesabu kwa miezi ya mbalamwezi, na mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja. Pasipoti yake ilikuwa na tarehe nyingine, ya kalenda tunayoitumia sote. Yeye hakuona tofauti, kwake zote zilikuwa siku ileile. Mimi nami sikuona. Nimezaliwa wakati wa palizi, mwaka gani mama hakuwa na hakika, na kwenye karatasi zangu zote nimezaliwa Januari mosi kwa sababu ndivyo mwalimu wa darasa la kwanza alivyotuandika nusu ya darasa.

Na cheti kile tulikwenda ofisi ya uhamiaji, Morogoro mjini. Tulidhani kazi imekwisha. Tulivaa nguo za harusi.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole. Nilimwamkia, akaitikia, akasoma cheti chote hadi mwisho. Kisha akanieleza mimi, si mume wangu. "Mama, sheria inamjua mke anayemfuata mume. Mume anayemfuata mke haimjui. Angekuwa mwanamke wa Kichina ameolewa na Mtanzania, ningejua pa kumwandika. Huyu aombe kwa kazi yake, kama mtu mwingine yeyote."

Nilimpelekea mjomba habari hiyo. Alikuwa akinoa panga, hakuinua kichwa. "Basi sheria hiyo haijafika Usagara," akasema.

Tukaanza kukusanya karatasi. Leseni ya biashara, mkataba wa banda, barua ya mtendaji, picha ndogo zenye sura ya mtu aliyekatazwa kucheka. Wakati tukisubiri alipewa ruhusa ya muda mfupi, na ilipokaribia kuisha tulirudi kuiongeza. Kila safari nilifunga chakula na yeye akafunga banda. Tuliomba lifti kwa madereva aliowatengenezea, tukipita katikati ya mbuga asubuhi, twiga wakitutazama, naye ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Nyuma ya mlango wetu kulikuwa na mfuko mdogo. Aliutundika siku tuliyotoka Morogoro mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na shati, suruali, mswaki, na kikombe cha bati. Alisema wakija kumwambia aondoke, hataki kuondoka ovyo. Nilikuwa nalitoa lile shati kulifua kwa sababu ya vumbi, naye akalikunja akalirudisha. Mfuko huo hatukuugombania. Nilielewa kwamba hakuwa anataka kwenda. Alikuwa anaogopa kupelekwa.

Safari moja ofisa aliweka cheti cha ndoa na pasipoti kando kwa kando, akavua miwani. Akasema mtu wa cheti na mtu wa pasipoti hawakuzaliwa siku moja, wala mwaka mmoja. "Sasa, mama, wewe umeolewa na yupi?"

Mume wangu alijaribu kueleza. Alieleza mwezi unavyohesabiwa, akaeleza mama yake, akaeleza mwaka wa tumboni. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, kinajua kufungua na kukaza, hakikutosha kwa mambo ya mbinguni. Alichora duara kwenye kiganja. Jasho lilimtoka. Nilimwona ofisa anataka kuamini, lakini hana pa kuliandika.

Nikasema, "Afande, hata mimi nimezaliwa Januari mosi. Mwalimu alikuwa na haraka."

Ofisa wa meza ya pili, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akasema, "Na mimi." Wakacheka wote wawili. Mume wangu hakuelewa kilichochekwa, lakini alicheka nao kwa heshima.

Kucheka hakukusaidia. Kosa lilikuwa letu, na lilipaswa kusahihishwa. Tulikwenda mahakamani kuapa, tukarudi bomani kuomba cheti kirekebishwe, na mvua zikakata barabara ya Kilosa katikati ya shughuli hiyo, tukakaa Mikumi tukisikiliza mabati. Mwishowe karatasi zote zilikubaliana kwamba alizaliwa siku moja. Jalada likapelekwa Dar es Salaam. Tukaambiwa tusubiri.

Tulisubiri tukiishi. Aliamka kabla yangu, akachemsha maji, akajaza chupa ya chai, ndipo akaniamsha. Hakula ugali uliolala, lakini wali uliolala aliukaanga na yai, na madereva wakaanza kuuomba. Nyani waliiba nyama aliyoianika, akawafukuza kwa Kichina, na majirani wakasema angalau leo wamepata wa kuwatukana kwa lugha wasiyoijua. Mtoto hatukujaliwa. Alisema si neno. Jioni alikaa mlangoni na redio, akiitafuta sauti ya kwao katikati ya mikwaruzo, na akiikosa aliizima bila kunung'unika.

Siku aliyougua alikuwa kijijini kwa mjomba, tumekwenda kupalilia. Aliinama kung'oa jani, akakaa chini, akasema mkono wake umelala. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli mbili, moja ikimbeba na mwenye nyingine akimshika. Daktari alisema ni presha. Alikaa wodini siku chache, maneno yakimtoka kwa shida, na mengi yalikuwa ya Kichina, kwa hiyo sijui alisema nini. Neno moja la Kiswahili nililolisikia vizuri ni "maji". Nikaenda kuyachota.

Baada ya hapo ikawa hapajulikani pa kumzika.

Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo makaburi ya kanisa hayakuwa yake. Makaburi ya mji yalikuwa bondeni, karibu na mto, na mwaka uliotangulia maji yalikuwa yameingia. Kulikuwa na Mchina mwenzake, mpishi wa kampuni moja huko Morogoro. Nilimpigia simu, naye akampigia kaka wa marehemu huko China. Jibu lilikuja siku ya pili: hawawezi kufika, azikwe hukohuko, lakini mahali palipoinuka. Asilazwe penye maji.

Mahali palipoinuka palikuwa pale tu, kwenye kilima cha makaburi ya ukoo wetu, nyuma ya nyumba ya mjomba. Na pale hazikwi mkwe. Mkwe akifa, wa kwao huja kumchukua.

Wazee walikaa uani kwa mjomba. Mjomba hakuwa mtu mkali, na siku ile alisema polepole kuliko kawaida. "Mkwe wetu alikuwa mwema. Hapa hakuna atakayesema vingine. Lakini mkwe ana kwao. Angeacha mtoto, ningesema huyu ni baba wa mtoto wetu. Sasa nitawaambia nini waliolala pale juu?"

Nikamwambia, "Mjomba, hana kwingine kwa kwenda."

"Najua, mwanangu," akasema.

Ndipo alipoingia mzee mmoja wa Kinyamwezi kutoka Kimamba. Baba yake aliletwa zamani kukata mkonge, mwenyewe alistaafu kazi ya reli. Wanyamwezi ni watani wetu, na msibani mtani ana kazi yake: huchimba, hubeba, na husema ambayo mwenye msiba hawezi kuyasema. Alikuwa na jembe na koleo begani. Hakukaa.

"Nyie Wasagara ni wachoyo hata wa udongo," akamwambia mjomba mbele ya watu wote. "Chainizi yake mmekula miaka yote, hamkuuliza imetoka ukoo gani. Leo mnampimia shimo?"

Akavua shati, akapanda kilimani, akaanza kuchimba.

Binamu yangu aliinuka kwenda kumzuia. Mjomba akamwambia, "Mwache. Mtani hakatazwi." Hakumtazama mtu yeyote. Tulisikia jembe likigonga. Baada ya muda sauti ya yule mzee ikatoka shimoni, ikisema kwamba wanaoona amekosea waje wafukie wenyewe, yeye akishachimba hafukii shimo tupu. Bibi mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mimi nilikuwa sijala tangu Jumatano. Nilicheka nao, kisha nikalia, na shangazi akanishika.

Mpaka leo sijui kama mjomba alimtuma. Sikumwuliza alipokuwa hai, na sasa naye yuko palepale kilimani.

Tulimzika siku hiyohiyo. Katekista alisali kama jirani, si kama katekista, ndivyo alivyotuambia. Mpishi wa Morogoro alifika kwa treni, akachoma karatasi pembeni ya kaburi, akawasha sigara akaichomeka udongoni, ijapokuwa mume wangu hakuwa akivuta. Mjomba alitaka kujua maana yake. Mpishi akasema ni ya kumpa njiani. Mjomba akasema vizuri.

Mwezi uliofuata nilikwenda Morogoro kurudisha pasipoti. Sikutaka mtu aje Mikumi kumtafuta. Ofisa mwenye miwani alikuwepo, akanipa kiti kabla sijamwamkia. Hakuwa amesikia. Nilipomwambia aliinuka, akalileta jalada. Lilikuwa limerudi kutoka Dar es Salaam. Hakukubaliwa na hakukataliwa. Walikuwa wanataka nakala nyingine ya mkataba wa banda.

Alisema ni lazima alifunge, na kwamba kuna mahali pa kuandika siku mwombaji alipoondoka nchini. Nikamwambia hakuondoka. Alishika kalamu muda kidogo. Kisha akaandika amefariki, akaniuliza amezikwa wapi. Nikamtajia kijiji chetu. Akaniuliza makaburi gani. Nikasema ya ukoo wangu. Akaandika.

Aliniambia pasipoti itapelekwa ubalozini, na nikasaini kwamba nimeikabidhi. Picha ndogo zilizokuwa zimebaki kwenye jalada alizitoa pini moja moja, akazipanga, akanisogezea. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema mbele ya stendi kuna mama anapika vizuri.

Nilimshukuru nikatoka. Sikula. Basi la Mikumi lilikuwa linajaza abiria, nikapata kiti cha dirishani.