Shangazi na Krotoni Zilizofifia

Krotoni haipendi kuhamishwa. Hilo nililijua nyumbani kwa shangazi yangu kabla sijajua kufunga viatu. Ukiitoa dirishani ukaipeleka kona nyingine inasusa, na baada ya siku chache unakuta majani yamepukutika sakafuni kama vile imegombana na mtu. Shangazi alikuwa na wivu na mahali pa kila chungu. Nikifagia sebule nikasogeza kimoja kwa mguu, alijua tu, na siku hiyo nilikula maneno mpaka nikashiba.

Watu wa mtaa walimwita Mama Majani, ingawa hakuzaa. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na yeye ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Katika usichana wake alifua mashuka ya hoteli. Siku moja wakata ua wakatupa matawi ya krotoni nyuma ya jengo, akaokota machache, akayatia kwenye kopo la maji dirishani. Yalipotoa mizizi akaacha kufua. Ilichukua miaka, lakini mwenyewe alipenda kuisimulia hivyo, kwa mkato. Mpaka mimi napata akili nyumba yote ilikuwa krotoni: za majani mapana, za majani membamba kama utepe, za majani yaliyojisokota, nyekundu, za njano, za madoadoa. Zile kubwa alizokatia miche zilikaa sebuleni penye dirisha, na miche ya kuuza ilikaa uani chini ya kivuli cha wavu. Wateja waliagiza kwa rangi, na yeye alijua kila rangi ilipo kama alivyojua vijiko vyake. Mkono wa birika huyo. Akikupa mche wa bure ujue anaumwa.

Kwa hiyo jioni niliyorudi kutoka saluni ninakosuka nywele, nikakuta vyungu vyote vya sebuleni vimehamishwa, nilishtuka kuliko kama ningemkuta mwizi.

"Shangazi, nani kahamisha hivi?"

"Mimi. Zinafifia. Huoni? Hazipati mwanga."

Nikatazama. Ni kweli krotoni ikikosa mwanga inapoteza rangi na kurudi kijani. Lakini zile zilizokuwa mbele yangu zilikuwa zinawaka. Nikamwambia hivyo, akanijia juu kwamba vijana wa siku hizi macho yetu yote yameishia kwenye simu. Nikaingia zangu jikoni, maana akianza haishi leo.

Basi vikaanza vituko. Nikafutishwa madirisha ndani na nje. Mapazia yakaondolewa. Taa ya sebuleni ikabadilishwa, na hiyo mpya nayo ikatukanwa. Mwishowe akazitoa krotoni nje kwenye jua kali, mimea iliyoishi ndani maisha yake yote. Majani yakababuka mabaka meupe, kisha yakaanza kuanguka. Akawa anayaokota mojamoja, anajiuliza kwa sauti, "Mbona zinanifia?" Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hofu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani anaihofia mimea.

Kisha akaja karani wa ofisi moja, mteja wa zamani, na miche mkononi. Aliagiza nyekundu, kapewa njano. Shangazi akacheka, akasema uzee huo. Alicheka mno, mpaka karani akaona haya. Mimi nikaona macho ya shangazi hayakuitazama ile miche hata mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Tangu hapo nikawa namwangalia. Kabla ya kumpa mteja mche alishika jani kwanza, akalipitisha katikati ya vidole, ndipo akataja rangi. Lililojisokota, nyekundu. La utepe, njano. Ile aliyokosea ilikuwa miche ya umbo moja na rangi mbili.

Nikabaki na siri hiyo, kwamba rangi anazipapasa, hazioni. Kila nikitaka kumuuliza, naahirisha. Asubuhi moja nikajikaza, nikachuma jani, nikamfuata uani.

"Shangazi, hili rangi gani?"

Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikaurudisha wangu nyuma. "Usilishike. Tazama tu."

Jua lilikuwa limetupiga sote usoni. Alisogeza kichwa huku, akakisogeza kule, kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Nilitamani kumtajia mwenyewe tuyamalize.

"Kahawia," akasema.

Lilikuwa jekundu la kuumiza macho.

"Tangu lini?"

"Ilianza kama moshi. Nikasema ni taa."

"Na mimi je? Unaniona?"

Akajaribu utani. "Wewe nakujua kwa hayo malapa yako. Unaburuta miguu kama mgonjwa."

Sikucheka. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtu aliyenilea, haoni uso wangu, na sikujua ni tangu siku gani. Nikakaa juu ya ndoo.

Hospitali alikataa kabisa. "Wakinitamkia, ndiyo imeshakuwa," alisema. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikatishia kuhama. Alipokubali tulikwenda, na daktari hakuzungukazunguka. Jicho la kushoto limekwisha, presha ya macho imeliharibu, halirudi. La kulia lina mtoto wa jicho, litapasuliwa. Wengi wanaona vizuri baada ya hapo, alisema, ila hawezi kuapa. Kwa hiyo limebaki moja, na hilo moja ndilo litakalotiwa kisu.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la korido, yeye ndani ya gauni la hospitali lililompwaya. Hakuwahi kuniambia anaogopa. Siku hiyo aliniambia.

"Naogopa, mwanangu. Siogopi kisu. Mama yangu alikufa kipofu, ulijua?"

"Sikujua."

"Mimi ndiye niliyekuwa namwongoza. Ananiita kutwa. Choo. Maji. Nani huyo amepita? Ikafika mahali nikisikia jina langu najibanza nyuma ya nyumba, nabana pumzi, namwangalia anavyopapasa ukuta akinitafuta. Na alikuwa anajua nipo pale. Hakuwahi kusema, lakini alijua."

Nikamshika bega. "Mimi sitakuchoka, shangazi."

"Usiniambie hivyo!" Sauti ilimpanda mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. "Ndivyo nilivyomwambia yeye."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akamwita. Shangazi hakuinuka. Alikuwa amenielekezea uso, anasubiri, na mimi kila neno tamu lililonijia nikaliona bovu.

"Nitachoka," nikasema. "Nitachoka na nitanuna, unanijua nilivyo. Lakini ukiniita nitaitika. Hata nikiwa nimenuna, nitaitika."

Akainuka.

"Hapo sawa," akasema. Akanipa mkono, wa baridi kama wangu, nikamwongoza mpaka mlangoni.