Karani wa Malalamiko Katika Kona ya Watoto

Ieleweke tangu mwanzo: hakurukwa na akili. Hakurudi utotoni, hakufukuzwa kazi, wala hakuwa akijificha kwa ajili ya mwanamke. Alikuwa maktaba ya umma, mchana kweupe, amekaa anasoma. Tatizo ni mahali alipokaa, na hapo ndipo Spika, jirani wa nyumba ya pili aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, alipopata riziki yake.

Mwenyewe ni karani wa malalamiko katika ofisi ya maji. Dirisha lake lina kioo chenye tundu la duara usawa wa mdomo, na kupitia tundu hilo mji mzima umemrushia mate ya hasira. Bomba likipasuka ni yeye. Maji yakitoka na rangi ya chai ni yeye. Hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini hilo halijawahi kumpunguzia lawama. Wakubwa zake, watu wenye hekima nyingi, waliweka ofisi zao ghorofa ya juu, ambako malalamiko huchoka kabla ya kumaliza ngazi. Basi akajifunza kuinamisha kichwa, kuandika, na kusema: "Tumekupata. Lalamiko lako limepokelewa. Kuna lingine?" Hata ungemgutusha usingizini angekujibu hivyo hivyo.

Presha ikapanda. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akamwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Dada yake mkubwa, ambaye hakusoma kote kule ili aje kuitwa dada wa mtu aliyeanguka kwa presha dirishani pake, ndiye aliyetoa shauri la maana.

"Nenda maktaba, mdogo wangu. Kule watu wamekatazwa kusema."

Shauri lilikuwa zuri. Mji ndio uliokosea. Katika chumba cha magazeti wastaafu walimtambua kabla hajafungua ukurasa. "Ee bwana, wewe si yule wa maji? Kwetu kukavu tangu juzi!" Akahamia kwenye vitabu vya sheria. Huko mwanafunzi mmoja akamnong'oneza, kwa adabu kubwa, kwamba anafikiria kuishtaki ofisi yake, je, angependa kuwa shahidi? Hata mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alipokuwa akimgongea muhuri kwenye kadi alimwuliza kwa upole vyoo vya maktaba vitapata maji lini.

Pakabaki mahali pamoja tu. Nyuma ya kabati refu kulikuwa na kona ya watoto: zulia, mito, na viti vya kimo cha goti. Mtoto wa darasa la kwanza hana mita ya maji. Karani akakaa, magoti yakamfika kidevuni, akachukua kitabu kilichokuwa karibu, kisa cha jongoo aliyepoteza kiatu kimoja na asikumbuke ni cha mguu upi. Akasoma, akacheka, mabega yakashuka. Kesho yake akarudi.

Spika alimwona kupitia dirisha la maktaba. Alikuwa akipita tu, kama ilivyo desturi yake ya kupita tu, pua imebanwa kwenye kioo. Jua halijazama, mdomoni mwake karani akawa mtu mzima anayecheza na watoto. Kulipokucha, kichwa chake kilikuwa kimeharibika. Wiki haijaisha, ikawa wazimu wa ukoo. Ukoo! Ukoo ambao haujawahi kutoa hata mlevi mmoja wa maana.

Tena maneno hayo yalikuwa na pa kuangukia. Binti wa pekee wa karani alikuwa amechumbiwa, na baba wa mchumba, fundi mwenye karakana ya samani, ni mtu asiyeunga mbao mbili kabla ya kuzigonga asikie mlio wake. Aliposikia kuwa ukoo una ufa, hakutuma mshenga. Alikwenda maktaba mwenyewe.

Alimkuta kwenye kiti kidogo, kainamia kitabu.

"Nisikilize, bwana," fundi alianza, kwa sauti iliyofanya watoto wainue vichwa. "Mwanangu haoi nyumba yenye maneno. Kama ni ugonjwa, nieleze. Kama si ugonjwa, nieleze unafanya nini hapa na hicho kigoda. La sivyo, posa yetu naiondoa leo leo."

Sauti ilikuwa kali, tena ilitoka juu. Mdomo wa karani haukungoja akili.

"Tumekupata, mzee. Lalamiko lako limepokelewa. Kuna lingine?"

Watoto wakaangua kicheko. Fundi akageuka mwekundu kama mbao ya mninga. Ndipo karani alipoinua uso, akamtambua mkwe mwenzake mtarajiwa, na kitabu kikamponyoka.

"Mzee wangu, nisamehe! Haki ya Mungu si dharau. Ndiyo maradhi yenyewe hayo."

"Maradhi gani?"

"Siku hizi mtu akiniambia neno, najibu hivyo. Binti yangu alikuja kunieleza habari za mwanao, anatetemeka kwa furaha. Nikamwuliza kama kuna lingine. Akaingia chumbani, akafunga mlango." Akakifunua kitabu pale zuliani, kwenye picha ya jongoo. "Hapo nikajua presha si kitu. Sasa napita hapa kwanza, ili nikifika nyumbani niwe mtu."

Fundi aliinama. Akamtazama jongoo pale zuliani.

"Na huyu mdudu anakusaidia?"

"Sana. Analalamika kitabu kizima, na hakuna anayenituma nikamtafutie kiatu."

"Babu, kaa basi," akasema msichana mmoja mwenye pengo. "Unatuziba mwanga."

Fundi akavuta kiti, akakipindua, akakagua miguu yake na kusonya. "Nani kaunga uchafu huu?" Akakaa hata hivyo, kwa mashaka, kama tembo kwenye kigoda. "Haya, soma. Toka mwanzo."

Posa haikuondolewa. Harusi ilifanyika, na Spika alikaa mstari wa mbele, akala akasaza, akausifu ukoo kwa kila aliyemsikiliza. Alitaka pia kujua wanaume wawili wazima walizungumza nini katika kona ile mpaka mkutubi akaja na funguo mkononi, na kwa nini fundi alitoka na macho mekundu. Wengi wametaka kujua hilo.

Hawataambiwa.