Shosho Amemkanyaga Jogoo

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo ukiniambia twende shule navaa kama mtu wa harusi. Siku hiyo shule ya mjukuu wangu, huku Marekani upande wa Wheaton, ilikuwa imeita wazazi pamoja na watu waliosoma hapo kitambo. Ni shule ya serikali, ya zamani sana. Ukutani kuna picha za wanafunzi ambao saa hii wamezeeka kunishinda. Binti yangu alikuwa kazini, nikaenda mimi.

Kuingia tu mlangoni, naona jogoo wa shaba, nembo ya shule, amelazwa bapa sakafuni, mkubwa kama sinia ya pilau, ameng'arishwa mpaka unajiona. Nikakumbuka kile chama cha siasa cha zamani nyumbani, alama yake jogoo. Watu wote wanapitia kando. Nikasema, wacha, hawa wananipisha kwa heshima. Nikapita katikati, na nikasimama papo hapo mgongoni mwa jogoo nifunge kitambaa vizuri.

Mjukuu akapiga nduru. "Shosho, no! Toka hapo!"

"Kwani nimefanya nini?"

"Hakuna mtu hukanyaga Jogoo! Ukimkanyaga hutagraduate!"

"Basi usiogope. Mimi hata la nne sikuona."

"Shosho, inakuja kwa family! Na niko na test ya maths!"

Sasa hapo nikaelewa. Hesabu ilikuwa imemkalia vibaya huyu mtoto. Ile ya kwanza alianguka, na akianguka hii nyingine, joho la kumaliza shule hangevaa. Lakini nilitaka kucheka! Si ni huyu huyu hunicheka nikikataa nyumba ifagiwe usiku? "Shosho, hiyo ni superstition." Leo machozi yanamlengalenga kwa sababu ya kuku wa chuma.

Akaja mzee mmoja, Mmarekani mweusi, amevaa jaketi ya shule iliyomkataa tumboni. Akainama. "Shikamoo, Bibi. Nilihitimu hapa zamani, na Kiswahili nilijifunza chuoni. Nasikitika kukuarifu kwamba umemkanyaga Jogoo."

Kama mtu wa redio! Kwetu bara shikamoo hatujaizoea, nikageuka kuangalia nani anaamkiwa. "Marahaba, baba. Sasa dawa yake ni gani?"

"Aliyekanyaga hupiga magoti, kisha humsugua Jogoo kwa mswaki wake mwenyewe."

"Mswaki? Baba, meno yangu hulala kwa kikombe!"

Hapo Kiswahili kikamwishia, akacheka Kiingereza. Akatoa mfukoni mswaki mpya, bado uko kwa plastiki. "Chukua, sasa ni wako. Mimi hubeba kila mwaka. Hakosekani mzazi wa kumkanyaga."

Nikapiga magoti na rinda langu la harusi. Nilimsugua huyo jogoo kilemba, mabawa, mpaka kucha. Watu wakapiga makofi, nami nikampigia vigelegele. Kuinuka ndiko kulikoleta maneno: mzee anavuta huku, mjukuu kule, karibu tulale sakafuni sisi wote.

Kwa gari, mjukuu akafunga mkanda. Baadaye akauliza polepole, "Shosho, unadhani imetosha?"

Wee! Mtoto ambaye hajawahi kuniuliza kitu isipokuwa chakula!

"Kwa sheria ya shule, imetosha," nikasema. "Kwa yetu, bado."

"Yetu inasema nini?"

"Kila jioni nikiweka githeri jikoni, unakaa mezani na kitabu cha hesabu. Simu inaingia ndani ya debe la mchele. Hakuna kuinuka mpaka githeri iive."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Kufika nyumbani nikachukua ile presha kuka ya mama yake, sufuria ya kuivisha haraka, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Githeri ya sufuria, wewe unaijua. Mahindi makavu na maharagwe hayana haraka na mtu. Mtoto akapiga hesabu mpaka akaanza kunifundisha mimi, binti yangu naye kila akitoka kazini analia, "Mama, githeri tena?"

Test ikarudi. Amepita! Akanirukia hapo mlangoni. "Shosho, mswaki umework!"

"Umework kabisa," nikasema.

Siku ya joho tulimzunguka Jogoo pole pole, amenishika kiwiko kama yai. Presha kuka bado iko chini ya kitanda. Mdogo wake anaingia hiyo shule mwaka ujao, na huyo kwa hesabu hata mimi namshinda.