Kiongozi Aliyechuchumaa Migombani

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: yule mwanamke aliyewachuchumaza wageni saba kutoka Dodoma ndani ya migomba, wamevaa helmeti, wamefunika nyuso kwa viganja, ni mimi. Chekeni kwanza, nitasubiri. Nimeshazoea, maana hata juzi sokoni Tukuyu muuza viazi aliniuliza kama leo nanunua nikiwa nimesimama au nimechuchumaa.

Mimi Sekela ni mtoto wa Kyela, na Kyela ni tambarare, baiskeli tunaendesha kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati. Nikaolewa huku juu, Kisiba, na Gwakisa wangu, tukapanga Tukuyu mjini. Huku milima imewafanya watu waione baiskeli kama mbuzi mkaidi, kupanda unaisukuma na kushuka unaivuta. Kwa hiyo kilipoanzishwa kikundi cha kutembeza wageni kwa baiskeli nilijua Mungu amenikumbuka. Thubutu! Mwenyekiti wetu, Lusajo, akanipa kazi ya kuandika majina ya wageni na kuchemsha chai, na kuongoza wakapewa vijana watatu wa kiume ambao (nasema bila kinyongo, au tuseme kinyongo kidogo) wakiona mteremko wanashuka na kutembea kwa miguu. Nikavumilia mwaka mzima huku nikisema, na nikishamaliza kusema nasema tena, mpaka Lusajo akachoka.

"Haya, Sekela," akaniambia Ijumaa moja. "Kesho wanakuja watu saba kutoka Dodoma. Wana klabu yao, wanatembeza watu makao makuu kwa baiskeli, sasa wanataka kuona sisi tunafanyaje. Watembeze mjini, halafu washushe mpaka Ziwa Kisiba. Wakirudi wameridhika, hii ni yako moja kwa moja." Akaniazima fulana ya kijani ya kazi, ile yenye neno KIONGOZI mgongoni kwa herufi kubwa kama za mlango wa benki.

"Na wakirudi wananung'unika?"

"Birika unajua lilipo."

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, maana bila hilo mtadhani nina wazimu. Kwetu Wanyakyusa, kwa wale wanaoshika desturi, mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani unaiacha njia, unaingia pembeni, unachuchumaa, unampa mgongo na kufunika uso mpaka apite. Jina lake hulitaji (ndiyo maana na ninyi hapa hamtalisikia). Akiwa na neno na wewe, anamtuma mtu. Vijana wa mjini wameshaachana na mambo hayo, wanapiga na picha pamoja na wakwe zao, lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumkosea hata siku moja. Ila alikuwa anajua tu kwamba nafanya kazi "na wageni". Habari ya baiskeli, tena ya suruali, Gwakisa alisema tutamwambia taratibu, na taratibu yenyewe ilikuwa imefikisha mwaka.

Jumamosi ikafika, ukungu umekaa juu ya mji, wageni wanatetemeka kwa baridi na majaketi yao mapya. Kiongozi wao alikuwa Mama Joyce, mwanamke mnene kiasi, mcheshi, mwenye miguu ya chuma. Alikuwepo pia Bwana Musa, pande la mtu, ambaye baiskeli ilipotea kabisa chini yake. Kabla hatujaondoka Mama Joyce akawakumbusha wenzake kanuni yao.

"Jamani, kama nyumbani. Kiongozi akifanya jambo, msafara wote unafanya. Akisimama mnasimama, akiinama mnainama. Maswali baadaye. Ndiyo maana mjini kwetu hatujawahi kugongwa."

Nikasema moyoni, hawa ndio watu! Kumbe nimeshika panya nikidhani kitoweo.

Mjini niliwaka, sifichi. Niliwapitisha majengo ya zamani ya Wajerumani, sokoni wakaonja maparachichi na maziwa ya mgando, nikawapandisha kilima mpaka Bwana Musa akawa anamwita mama yake. Kila nikiinua mkono, mikono saba inainuka nyuma yangu. Vichwa vikawa vinageuka barabarani, akina mama wananipigia vigelegele, na mimi mgongo wenye KIONGOZI nimeunyoosha mpaka ukaanza kuuma. Tukashika barabara ya kushuka Kisiba.

Nikiwa karibu na kijiji ndipo nikakumbuka. Jumamosi asubuhi baba mkwe hukaa kwenye banda la kupimia majani ya chai, lililo pale pale kando ya barabara kuu, na benchi lake linatazama barabara. Pale nilipaswa kusimama na kusema tu, "Jamani, mbele yuko mkwe wangu, desturi yetu ni hivi na hivi, nisaidieni." Wangefurahi! Si ndicho walichokuja kukiona? Lakini nikaona aibu, kiongozi mzima anaogopa mzee kwenye benchi, nikaamua kitu kidogo tu, kukata kushoto na kufuata kijia cha katikati ya migomba kinachorudi barabarani baada ya kulipita banda.

"Huku ni njia ya asili," nikawaambia, na uongo ukatoka laini kama maji.

Kijia kilikuwa na matope, kinateremka, tunaserereka na kucheka. Kona ya kwanza salama. Kona ya pili, mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli, gambuti. Katikati ya mwavuli na gambuti, baba mkwe wangu, anapanda taratibu, anakuja moja kwa moja kwangu!

Sikufikiri. Niliitupa baiskeli, nikachomoa khanga kwenye begi, nikaruka migombani, nikachuchumaa, nikampa mgongo, nikajifunika uso. Nyuma yangu nikasikia baiskeli zinaanguka, moja, mbili, mpaka saba, na migomba ikaanza kuchakarika. Nikachungulia chini ya khanga. Mama Joyce yuko hatua mbili kutoka kwangu, amechuchumaa, amefunika uso kwa viganja, ametulia kama yuko kwenye maombi. Wenzake vivyo hivyo, wamepangana mstari. Bwana Musa hakuzoea kuchuchumaa kwenye mteremko, akajishika kwenye mti ulioegemeza mgomba, mti ukang'oka, mkungu wa ndizi ukamshukia mabegani na wakaviringika pamoja mpaka mtaroni. Na huko mtaroni (Mungu ambariki) akajikusanya, akachuchumaa upya.

Sasa hebu mwoneni baba mkwe. Mzee anakunja kona, anakuta baiskeli nane zimelala njiani, magurudumu bado yanazunguka, na watu hakuna.

"Ugonile?" akasalimia hewa kwa Kinyakyusa.

Mimi siwezi kumjibu, na wageni, kwa kuwa kiongozi yuko kimya, nao kimya. Mzee akaona haya ni maafa.

"Mwe bandu, enyi watu!" akapiga yowe. "Njooni! Watu wamekufa!"

Banda la chai halikuwa mbali. Ndani ya dakika chache walifika wachumaji na matenga yao mgongoni, karani wa mizani na kalamu sikioni, wazee wa kanisa, mbwa wawili, nusu ya kijiji nilichoolewa. Wakatukuta tumechuchumaa.

"Jamani," akasema mama mmoja kwa huruma, "wameumwa tumbo."

"Wote kwa mpigo mmoja?" akauliza mwingine.

Karani akamwinamia Mama Joyce. "Shikamoo mama. Samahani, mnafanya nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Tunamfuata kiongozi."

"Kiongozi yuko wapi?"

Vidole saba vikaninyooshea.

Na hapo ndipo nikaelewa ujinga wangu wote. Nimefunika uso kwa uangalifu, nimegeuka vizuri, nimempa baba mkwe mgongo kama nilivyofundwa, na mgongo huo umeandikwa! Nikamsikia mzee anatoa miwani mfukoni, anaipangusa, anasoma polepole kwa sauti, kama anavyosoma Biblia kanisani.

"Ki. O. Ngo. Zi."

Machozi yalinitoka, nasema kweli. Nilimwona Lusajo ananikabidhi birika, nikaona ndugu wa mume wameitisha kikao, nikaona suruali yangu inajadiliwa mpaka Krismasi. Nikatamani ardhi ya Kisiba, ambayo imeshazoea kutumbukia na kuwa ziwa, itumbukie mara moja tu tena.

Mzee akakohoa. Nikasikia gambuti zake zinageuka, naye akanipa mgongo. Akaushika mgomba uliokuwa karibu naye, akaupigapiga begani, yaani mahali ambapo mgomba ungekuwa na bega.

"Wewe mgomba," akasema. "Mwambie mkamwana wangu hivi. Habari ya baiskeli ninayo tangu siku ya kwanza. Hapa Kisiba hata kuku wanaijua. Leo nimesikia kwamba anapita na wageni wakubwa. Nikasema, akinikuta pale bandani itabidi ashuke ajifiche, ataaibika mbele za watu. Basi nikaiacha barabara kubwa apite kwa amani, nikaja huku kwenye matope, na magoti yangu haya. Sasa mwulize, huku amenifuata nini?"

Kijiji kizima kililipuka. Karani wa mizani alikaa chini kwenye matope. Na mimi, chini ya khanga, nililia na kucheka kwa pamoja, maana mwaka mzima nilikuwa namkwepa mtu ambaye naye ananikwepa kwa ajili yangu.

Nikapata ujasiri. Nikaushika mgomba wa kwangu.

"Mgomba," nikasema, "mwambie baba nimekosa. Mwambie nilitaka asinione. Na mwambie kwamba nisipowafikisha hawa ziwani leo, kazi hii siipati."

Mzee akauuliza mgomba kama kuna baiskeli isiyo na mtu. Ilikuwepo ya Bwana Musa, ambaye alikuwa anachechemea na kusema kwa leo inatosha, atafuata kwa bodaboda pamoja na mkungu wake.

"Mtu aliye mbele hamwoni aliye nyuma," akasema baba mkwe, na akina mama wakawa wameshaelewa, vigelegele vikaanza kabla hajainua mguu. Akaulaza mwavuli kwenye usukani, akapanda na gambuti zake. Nikashangaa anavyokaa, mgongo wima, kiwiko kimelegea. (Baadaye Gwakisa akaniambia baba yake ujanani alikuwa anashuka mpaka Kyela kufuata mchele kwa baiskeli. Miaka sita ya ndoa, hakuna aliyewahi kunitajia!)

Basi tukaondoka. Baba mkwe mbele, hakugeuka hata mara moja, mimi nyuma yake, wageni sita nyuma yangu, na nyuma yao wachumaji chai wanakimbia na kuimba. Tulirudi barabara kuu, tukapita mbele ya banda na benchi lililo tupu, mbele ya watu wote niliokuwa nawakwepa. Mzee alipiga kengele, nikapiga kengele, wakapiga kengele wote. Sijawahi kupanda juu namna ile nikiwa kwenye mteremko.

Ziwani alisimama akalitazama maji, mgongo kwetu, akalisimulia ziwa kwa Kinyakyusa yale wazee wanayoyasema, kwamba Wajerumani wakikimbia vita walizamisha humo sarafu zao, na mimi nikawatafsiria wageni kwa Kiswahili. Alikuwa akimaliza sentensi ananisubiri. Nikikosea kidogo, alikuwa anairudia hadithi kwa ziwa polepole zaidi, mpaka nipatie.

Jioni Mama Joyce alimshika Lusajo mkono mbele ya wenzangu wote, akamwambia, "Sisi makao makuu tuna barabara pana na tuna Bunge. Tumetembea mikoa mingi. Hatujawahi kuongozwa hivi." Lusajo akaniangalia, na matope yangu mpaka nyusi. Nikaanza kuivua fulana nimrudishie. Akasema, "Ya nini? Nenda kaifue."

Sasa birika analishika yeye, na chai yake haina ladha, lakini tunakunywa.

Mimi nimeapa. Sitawaficha tena wageni kitu cha kwetu eti kwa sababu nakionea aibu, na kanuni ya Mama Joyce nimeipunguza kidogo, siku hizi nawaambia wageni wanifuate kwenye kona na kwenye breki, mengine waulize kwanza. Na baba mkwe tumeelewana (kwa njia ya Gwakisa, bila shaka). Barabara kuu ni yangu, kijia ni chake. Kila Jumamosi nikifika kwenye ile kona napiga kengele mara mbili, wageni wanauliza namsalimia nani, na mimi nawaonyesha juu ya migomba, ambako mwavuli mweusi unanyanyuka, unatikisika mara mbili, na kushuka.