Waiyego Anahama Milango Miwili

Waiyego ana duka la unga na sabuni pale Kimumu, Eldoret, na hakuna kitu anachokiogopa kuliko mtu aliyeshika maikrofoni. Kila uchaguzi ukikaribia waandishi wa habari humtafuta yeye, Mkikuyu aliyekuja kuishi huku ambako watu wa kabila lake waliwahi kufukuzwa baada ya kura, na swali ni lile lile: anaogopa? Uchaguzi uliopita alijibu vizuri kabisa, "Wengine wanaogopa, mimi hapana." Jioni runinga ikatoa nusu ya kwanza tu. Kesho yake majirani wawili wakafunga virago, na mamake kule Nyahururu akapandwa na presha. Waiyego akaapa kwamba neno asilotaka lisikike halitatoka tena kinywani mwake, hata kwa kulikana.

Sasa ona balaa. Wiki tatu kabla ya kura, alipata chumba kikubwa zaidi cha duka na kulala, milango miwili tu kutoka alipokuwa. Jirani yake Mzee Kipyego akaleta pikapu, maana friji ya dukani haibebeki mikononi. Magunia yamepakiwa, godoro limelazwa juu, Waiyego yuko garini anakaza kamba, ndipo akatokea mwandishi aitwaye Janice na mpiga picha wake.

Janice macho yakamng'aa. Picha ile alikuwa ameitafuta wiki nzima.

"Mzee, huyu mama anahama?" akamuuliza Kipyego.

"Eeh, anahama leo," akajibu Mzee kwa fahari, akinyoosha kola mbele ya kamera.

Waiyego akaiachilia kamba. Jibu fupi namna ile halihitaji hata kukatwa! Akamwona mamake amezimia, akaona nusu ya Kimumu ikikimbia kwa sababu yake.

"Nahama kwenda wapi, Mzee? Malizia!" akapaza sauti.

"Si hapo tu," Kipyego akaelekeza kwa kidevu.

Waiyego akashuka. "Madam, story utapata. Lakini camera iwake hapa, na isizimwe mpaka tufike kwa hiyo mlango ingine. Ukizima, sisemi."

Pikapu ikatambaa hatua thelathini, mpiga picha akitembea kando, Kipyego akipiga honi kana kwamba anapeleka bibi harusi. Mlangoni Waiyego akajipanguza vumbi.

"Duka yangu imekuwa kubwa. Unga iko, maziwa iko. Karibuni."

Janice aliuliza kuhusu hofu mara tatu. Mara tatu akaambiwa unga iko.

Kipyego aliwapigia simu jamaa zake wote hadi Sugoi watazame habari. Saa moja jioni akaja kwenye duka jipya, amevaa tai, wakawasha runinga. Habari zikaanza, habari zikaisha. Hapakuwa na pikapu, wala Waiyego, wala tai.

"Yaani wametutupa hivyo?" Mzee akalalamika, na alikuwa amekasirika kweli.

Waiyego alicheka mpaka akaegemea kaunta. Machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Akampigia mamake.

"Maitu, umeangalia news?"

"Nimeangalia yote. Huko Eldoret hakuna kitu."

"Eeh," akasema Waiyego. "Hakuna kitu."